Kidole Kidogo cha Mwenyekiti

Jumanne saa nne na robo asubuhi, Mwenyekiti Parmuat wa ranchi ya jamii aliingia katika kliniki ndogo iliyo nyuma ya soko la Kitengela, mkono wake wa kushoto umefungwa kwa taulo la jikoni. Muthoki, ambaye ni msafishaji na pia ndiye mwandishi wa majina ya wagonjwa, alikuwa ametoka kupiga deki, akamwomba apitie kando ya ukuta asije akateleza. Mwenyekiti akapitia kando ya ukuta. Ni mtu wa adabu, hilo hata wasiompenda husema. Mkewe, Dinah, alimfuata nyuma akiwa amemshikia rungu na simu.

Daktari wa hapo ni Nasieku. Kwa cheti yeye ni tabibu tu, lakini Kitengela mtu akivaa koti jeupe na asikukemee, ni daktari. Alitoka chumba cha ndani, akainamisha kichwa, na Mwenyekiti akakigusa kwa mkono ule mzima kama mzee anavyomgusa mtoto wa watu.

"Takwenya, nakerai," akamsalimu kwa Kimaasai, yaani mtoto wangu.

"Iko, papa. Imekuwaje?"

"Ni geti. Imenibana."

Geti lenyewe la shamba lake lilikuwa jipya, la chuma, rangi ya buluu. Lilikuwa la tatu kuwekwa mahali hapo, huko Kisaju, kwa kuwa mawili ya kwanza yalisukumwa na ng'ombe waliokuwa wakikumbuka kwamba palikuwa na njia ya kwenda mtoni.

Nasieku alifungua taulo. Kidole cha mwisho kilikuwa kimesagika hadi mfupa. Alimweleza Mwenyekiti bila kumzungusha kwamba Nairobi kuna hospitali ambazo zingeweza kujaribu kukiokoa, ila ilibidi aondoke dakika hiyo hiyo. Mwenyekiti akauliza barabara ya Mlolongo ikoje. Dinah akaangalia simu, akasema magari yamesimama. Saa nane alikuwa na kikao cha mambo ya ardhi Kajiado. Alikitazama kidole chake kama anavyotazamwa mbuzi aliyekwisha kuchinjwa.

"Wewe kata tu, nakerai," akasema. "Kata hiki kidole kidogo."

Wamaitha, muuguzi, alikuwa akivuta dawa ya ganzi kwenye sindano. Mkono wake ukasimama katikati. Muthoki naye alisimama mlangoni na ndoo yake. Maneno hayo wote watatu walikuwa wameyasikia kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Wamaitha aliyasikia kwa Kikuyu, kwa cucu wake, yaani nyanya yake, kule Gatundu. Muthoki aliyasikia kwa Kikamba, Mwala. Nasieku aliyasikia kwa Kimaasai, Kisaju, kwa nyanya yake. Katika lugha zote tatu kuna zimwi lililomeza watu, mifugo na hata mafiga, na likishashindwa, lenyewe ndilo husema likatwe kidole kidogo, kisha kila kilichomezwa hutokea hapo.

Walishawahi kulizungumza jambo hilo wakila ndengu na chapati mchana mmoja, na wakabishana kidogo. Kwa cucu wa Wamaitha, wote hutoka na kunapikwa karamu. Kwao Muthoki, hutoka wote isipokuwa ng'ombe mmoja, ambaye huwa kwenye kidole cha mguu, na hakuna anayekumbuka mguu hadi baadaye. Nasieku mwisho wa hadithi yao hakuwahi kuusikia.

"Ni ya kushoto?" Muthoki akauliza sasa.

"Ya kushoto," Nasieku akajibu.

"Hata kwetu ni ya kushoto." Akaweka ndoo chini, akaanza kuondoa viti.

Alivipanga nje kwenye baraza. Akafungua mlango pande zote mbili na kuuzuia kwa jiwe. Palikuwa na wagonjwa wawili wakisubiri, mama mwenye mtoto wa kikohozi na fundi wa mawe aliyeumwa jicho. Akawaomba wahamie kwenye baraza la duka la vyakula vya mifugo. Fundi akauliza kuna nini.

"Kuna ng'ombe wanatoka," Muthoki akamwambia, na fundi akachukua kofia yake akahama.

Ganzi huchukua kama dakika kumi kushika. Dakika hizo Nasieku aliketi kando ya mgonjwa wake, akauangalia mkono ule, akamfikiria Soipan.

Soipan ni nyanya yake, aliyemlea, ambaye yeye humwita Koko. Alikuwa msimuliaji ambaye watu wa Kisaju walimtembelea jua likishatua, maana hakusimulia mchana hata siku moja. Kwake hadithi ya mchana hupoteza ng'ombe. Hadithi ya zimwi alimsimulia Nasieku zaidi ya mara hamsini, na mara zote aliishia pale zimwi linaposema lenyewe likatwe kidole. "Mwisho wake ni wa mtu mzima," alikuwa akisema. "Siku ukimaliza shule nitakupatia." Nasieku alipokuwa likizo ya mwisho ya chuo cha utabibu, zikiwa zimebaki wiki tatu afanye mtihani, palifanyika mkutano mkuu wa ranchi ya jamii, ndani ya kanisa, kuhusu kugawa ardhi.

Ni miaka kumi na moja sasa. Soipan alikuwa mjane na jina lake halikuwa kwenye rejista, lakini nani angemzuia mwanamke wa umri ule kusimama? Alisimama. Akasema, "Mwenyekiti, mimi naongeza neno moja tu. Njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni, na uwanja wa shule ya watoto..." Hapo Mwenyekiti Parmuat akainua mkono kwa upole. "Asante, mama," akasema. "Tumekusikia." Kisha akameza mate. Waliokaa mbele waliona koo lake likipanda na kushuka.

Mdomo wa Soipan uliendelea kwenda kwa muda, halafu akaketi. Tangu siku hiyo hakusema tena. Alipelekwa hospitali Kajiado, madaktari wakammulika kwa tochi, wakaandika kwamba koo ni zima ila sauti haimo. Hakuna aliyeuliza imeenda wapi, kwa kuwa watu mia mbili walikuwa wameona.

Mwezi huo huo njia ya ng'ombe nayo haikuonekana, wala uwanja wa shule ya watoto. Ng'ombe kumi na tisa wa Soipan walienda kunywa maji mahali walipozoea, wakafungiwa kwa kosa la kuingia shamba la mtu, na hao pia hawakuonekana. Ramani mpya zikachorwa, zikapigwa mihuri.

Soipan aliendelea na maisha. Aliwaita ndama kwa kupiga makofi, na watu kwa kugonga kikombe kwa kijiko. Siku Nasieku alipohitimu, alikuja Nairobi na kibuyu cha maziwa, akafungua mdomo, akaufunga, akamshika mjukuu wake masikio yote mawili na kulia. Nasieku amefanikiwa tangu hapo, ana kliniki na ana jina zuri mjini. Lakini kitu alichokitaka kwa miaka kumi na moja kilikuwa kimoja, amsikie Koko tena, hata kama ni kugombezwa.

Alikibonyeza kidole. Mwenyekiti akasema hasikii kitu.

"Papa," Nasieku akamwambia, kwa sababu hakutaka kumficha mgonjwa, "nikikata, kuna vitu vinaweza toka."

"Usaha?"

"Hapana. Vitu."

Mwenyekiti akamtazama mkewe. "Wacha vitoke," Dinah akasema. "Huyu tumbo yake inanguruma usiku mzima kama boma. Mimi sijalala vizuri tangu ardhi igawanywe." Mwenyekiti akatia sahihi fomu kwa mkono wa kulia, na Nasieku akakata.

Lilitoka vumbi kidogo kwanza. Kisha ikatoka njia, imeviringwa kama bendeji, ikaanguka sakafuni na kujikunjua yenyewe. Ikapita mlangoni, ikapita mbele ya duka la vyakula vya mifugo, ikaelekea barabara ya Namanga. Baada ya njia wakaja ng'ombe. Wa kwanza alikuwa yule kiongozi mwenye pembe iliyopinda, ambaye Nasieku alimkamua alipokuwa msichana. Kila mmoja alitoka amelowa, akajitikisa, akaishika njia. Muthoki hakuwa na daftari lingine, kwa hiyo aliwaandika kwenye lile la wagonjwa, na kwenye sehemu ya ugonjwa akaweka kistari. Walifika kumi na wanane, wakakoma.

Vikafuata vya shule. Ulikuja uwanja wenyewe, umekunjwa mara nne, ukiwa na bembea mbili, benchi moja la watoto sita, kengele, na kipande cha chaki. Wamaitha alivibeba vyote hadi nyuma ya kliniki. Sokoni muuzaji mmoja wa nyanya aliinuka, akaitazama njia ilivyopita, akasema anaifahamu, aliwahi kuchunga hapo. Polisi wa barabarani aliomba ng'ombe washike upande wa kushoto, nao wakaushika.

Halafu hapakutoka kitu tena.

Nasieku alingoja kiasi alichoweza kungoja. Kidonda hakiwezi kuachwa wazi kwa ajili ya matumaini ya daktari, basi akabana mshipa na kuanza kushona. Alipiga uzi wa kwanza, akapiga wa pili. Alijiambia kwamba pengine sauti si kitu cha kutoka, pengine ilishasagwa siku nyingi pamoja na chakula. Alipokuwa akivuta uzi wa tatu ikatoka, nyembamba na yenye mikwaruzo, ikasimama hewani karibu na taa.

"Mimi naongeza neno moja tu," ikasema kwa Kimaasai.

Ikangoja. Kisha ikarudia, chini zaidi. "Mimi naongeza neno moja tu."

Sauti ya miaka kumi na moja ikitoka inataka mtu aiitikie, la sivyo hupungua kila inaporudia. Nasieku aliijua mara moja. Machozi yakajaa ndani ya barakoa, na mikono yake ilikuwa na sindano. Hakuweza kutoa neno. Dinah aliangalia miguu yake. Mwenyekiti, mtu wa adabu, alifungua mdomo amjibu mama, na kila aliyekuwa mle chumbani alijua atasema nini.

"Iitha," Wamaitha akasema.

Hakufikiri. Ndivyo alivyomwitikia cucu wake Gatundu, ndivyo Wakikuyu wanavyomwitikia msimuliaji ili aendelee. Sauti ikageuka. Haikuwahi kuitikiwa hivyo tangu izaliwe, lakini ilikuwa imetoka mbali na haikuwa na muda wa kuchagua. Ikamsogelea. Wamaitha akafungua kikopo kipya cha kupimia mkojo, ikaingia, akakaza kifuniko, akaandika juu yake: Soipan, Kisaju, na tarehe.

"Asante," Nasieku akasema, alipoweza.

"Si ndio hufanywa," Wamaitha akajibu, akamkabidhi mkasi.

Nyuzi zilikuwa tano, na zilikaa vizuri. Mwenyekiti alisema anajisikia mwepesi sana. Alipofika mlangoni akaongeza kwamba ameshikwa na njaa ghafla, na Dinah akamwambia watapitia mahali wale kabla ya kikao.

Jioni Nasieku aliweka kikopo kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaifuata ile njia kwa miguu hadi alipochoka, kisha kwa pikipiki. Njia ilikwenda sawasawa hadi kwenye geti la buluu, ikaishia hapo. Ng'ombe kumi na wanane walikuwa wamesimama mbele ya geti, hawagombani, kama watu kwenye foleni ya benki. Ndani alikuwapo mlinzi, Simel.

"Hawa mimi nawajua," Simel akasema kupitia kwa chuma. "Huyo wa pembe alinipiga teke nikiwa class four. Lakini funguo ni ya mwenyewe, daktari, na hakuniambia kitu ya ng'ombe ya kidole."

Siku mbili baadaye afisa wa ardhi alikuja na ramani. Alitembea juu ya njia, akaisifu kwamba ni pana, akatazama ramani, akasema haimo. Hatimiliki ilibaki ilivyokuwa. Lakini hayo Nasieku hakuyajua jioni ile, na hata angeyajua asingesimama.

Nyumbani kwake, Soipan alikuwa akichemsha maziwa. Alipokea kikopo, akasoma jina lake herufi moja moja, akaimimina sauti kwenye kikombe cha maziwa na kunywa yote. Akakohoa. Kisha akasimama wima, kwa kuwa sauti ilipoondoka alikuwa amesimama.

"...ni vya kila mtu," akasema. "Havigawanywi. Ni hayo tu, Mwenyekiti."

Akaketi. Ndani ya nyumba walikuwamo yeye, mjukuu wake na ndama mmoja mgonjwa.

"Nasieku," akasema, "umekonda sana. Hao watu wa Kitengela hawakupikii?"

Nasieku alicheka na kulia kwa pamoja, akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya Koko. Alimshukuru Mungu. Akamshukuru Wamaitha na cucu wa Wamaitha, ambaye hakuwahi kumwona na ambaye alikwisha kuzikwa. Alikuwa na shukrani nyingi kiasi kwamba nyingine zilimwagikia geti la buluu, akaziacha huko. Maziwa yalifurika yakazima moto, na Soipan akamgombeza kwa hilo pia, na kila neno la kugombezwa lilimwingia tamu.

Jua lilikuwa limetua, kwa hiyo iliruhusiwa.

"Zimwi likasema, kata kidole changu kidogo," Soipan akaanza pale pale alipoachia, akanyamaza.

"Ee, Koko," Nasieku akaitikia kama zamani.

Soipan akatikisa kichwa. Akangoja.

"Ee."

Bado akangoja. Nasieku akafikiri, kisha akajaribu. "Iitha."

"Wakakikata," Soipan akaendelea, ameridhika. "Wakatoka wote, watu na ng'ombe na mafiga. Wakaona jua. Wakashukuru sana, wengine wakaimba."

"Iitha."

"Wakauliza njia ya kwenda nyumbani. Zimwi likawaonyesha kwa mkono ule mzima. Likasema, kilima kile ni changu, mto ule ni wangu, na hapo mliposimama ni pangu. Kwenu kulikuwa tumboni."

"Iitha. Halafu?"

"Halafu wakakaa hapo hapo waliposimama. Wakawasha moto, wakaanza kuulizana nani yuko. Basi."

Nasieku alingoja. "Ndiyo mwisho?"

"Nilikwambia ni wa mtu mzima," Soipan akasema, akachukua kitambaa kupangusa maziwa.

Ulikuwa mwisho mbaya, na Nasieku aliupokea kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alirudi kliniki kila baada ya siku mbili kufungwa kidonda, na hakukosa hata siku moja. Nasieku alimfunga vizuri. Nyuma ya kliniki watoto waliosubiri sindano walikuwa wamezoea kubembea, na mmoja wao alikuwa anaipiga kengele bila sababu. Siku ya kutoa nyuzi, Soipan alikuwapo. Alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya Wamaitha, na alikuwa amemshika mkono muda mrefu akimwambia asante kwa Kimaasai, kwa Kiswahili, na kwa Kikuyu alichofundishwa asubuhi ile. Alipomwona Mwenyekiti alimsalimu kwa jina.

"Parmuat. Asante kwa kunitunzia sauti. Sasa, ile njia..."

Mwenyekiti akainua mkono wenye vidole vinne, kwa upole uleule. "Asante, mama. Tume..."

"Iitha," Wamaitha akasema kutoka kwenye kabati la dawa.

"Iitha," Nasieku akasema, mkasi mkononi, uzi wa kwanza ukiwa haujakatwa.

Soipan akaendelea. Aliongea dakika arobaini kuhusu ile njia, nani aliichimbua, ng'ombe gani walizaliwa kando yake, na kwa nini inapinda kidogo penye jiwe. Mwenyekiti alisikiliza yote, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshikwa. Mwishoni alisema amefurahi kusikia historia, ila geti litabaki, maana hatimiliki ni hatimiliki. Soipan akamwambia anajua. Akajifunika mdomo kwa ncha ya shuka hadi alipohakikisha Mwenyekiti amekwisha kumeza mate, kisha akamtakia safari njema.

Mwenyekiti akavaa kiatu chake, akaenda mlangoni akichechemea kidogo. Dinah akamuuliza ana nini. Akasema ni kiatu tu, kinambana kidole kidogo cha mguu.

Muthoki alikuwa kwenye meza yake. Alifungua daftari, akasoma tena, kumi na wanane. Akalifunga, akainuka, akaanza kuondoa viti.